Kilichofukiwa Katikati ya Hema

Miaka kadhaa iliyopita kanisa la mtaani kwetu lilitamani kiwanja cha jirani. Watu walikuwa wamezidi. Kila Jumapili wengine walisali nje chini ya turubai, na ng'ambo ya ukuta kulikuwa na nyumba ya vyumba vitatu, uwanja mpana na mwembe. Mchungaji akatangaza siku saba za maombi. Tungelizunguka eneo lile mara moja kila jioni, siku ya saba tungelizunguka mara saba, kisha tungepiga kelele. Andiko la kusimamia lilikuwa Yoshua 1:3: kila mahali zitakapokanyaga nyayo zetu, tumepewa.

Nilizunguka siku tatu. Jioni ya tatu mwenye nyumba, mama mjane aliyekuwa akiuza vitumbua asubuhi na aliyekuwa akiidai nusu ya kwaya, alitoka na ndoo ya maji, akatutazama, akauliza kama kuna msiba. Hakuna aliyemjibu. Kiongozi wa maombi akapandisha sauti. Mimi nikakumbuka kwamba nina shughuli nyumbani.

Tangu jioni ile nimekisoma kitabu cha Yoshua, kinachosimulia jinsi Yoshua alivyowaongoza Israeli kuitwaa Kanaani, nchi ya Wakanaani, mara nyingi kuliko nilivyokisoma nilipokuwa nikikihubiriwa, na kila nikirudi naona kwamba mimbari zetu zimekigeuza. Tunakifungua tukiwa tunamsaka Mkanaani: jirani mwenye kijicho, mama mkwe, mshindani wa kazini, mtu wa kabila lile au wa dini ile. Tukimpata tunamkemea, tunamiliki, tunatamalaki. Kitabu chenyewe kinamsaka mtu mwingine kabisa, na kinamkuta ndani ya kambi.

Tazama jinsi vita vinavyoanza. Israeli wamevuka Yordani, wako Gilgali, Yeriko iko mbele yao. Jemadari yeyote mwenye akili angeshambulia wakati wafalme wa nchi bado wametetemeka. Badala yake jeshi zima linatahiriwa, wanaume wote wa vita, kwa visu vya mawe, kisha wanakaa kambini mpaka wapone. Hawajaonyoshewa upanga na adui hata mmoja, na tayari damu iliyomwagika ni yao wenyewe. Halafu Yoshua, peke yake karibu na Yeriko, anamwona mtu ameshika upanga uliofutwa. Anamuuliza swali ambalo kila mpiganaji wa dini hudhani jibu lake analijua: wewe u upande wetu, au upande wa adui zetu?

Jibu ni neno moja: La. Kisha mgeni yule anajitambulisha kuwa amiri wa jeshi la Bwana, na Yoshua anaanguka kifudifudi, anaambiwa avue viatu.

Hilo "La" sijawahi kulisikia likihubiriwa. Tunaruka haraka kwenda kwenye kuta. Amiri hakusema "niko nanyi", ingawa sura chache nyuma Mungu alimwahidi Yoshua kwamba hatamwacha. Alikataa swali lenyewe. Yoshua alitaka kujua Mungu amejiunga na jeshi gani, akaonyeshwa kwamba mwenye jeshi ni Mungu, na kwamba yeye Yoshua, pamoja na ujemadari wake wote, ndiye anayetakiwa kujipanga.

Na kwa kuwa nimetaja kelele, niseme jambo dogo kuhusu kuta. Siku sita za kwanza watu waliamriwa wanyamaze. Makuhani saba walipiga tarumbeta za pembe za kondoo, lakini watu wasitoe hata neno vinywani mwao mpaka siku watakayoambiwa. Maombi yetu ya Yeriko huanza na vipaza sauti tangu jioni ya kwanza.

Sasa tuje kwa watu wawili ambao mwandishi amewaweka karibu makusudi, mmoja sura ya pili, mwingine sura ya saba.

Katika mji mzima wa Yeriko, mkaazi mmoja tu ametajwa kwa jina. Mfalme wake hana jina. Hata wapelelezi wawili wa Israeli waliolala mle hawana majina. Mwenye jina ni Rahabu, kahaba, mwenye nyumba juu ya ukuta. Mwanamke huyu anawaambia wapelelezi maneno ambayo Mwisraeli angeyatoa kama ungamo la imani, kwamba Bwana ndiye Mungu mbinguni juu na duniani chini. Anawaficha, anawateremsha kwa kamba dirishani, anafunga uzi mwekundu, na mji unapoanguka yeye na baba yake, mama yake na ndugu zake wanatolewa salama. Amri ilikuwa kwamba kila kilichomo Yeriko kiangamizwe. Jeshi halijafika hata langoni na tayari kuna watu waliotengwa na amri hiyo.

Upande wa pili yuko Akani. Huyu ameandikwa kwa ukoo mrefu kuliko wa majemadari: mwana wa Karmi, mwana wa Zabdi, mwana wa Zera, wa kabila la Yuda. Damu safi, kabila la kifalme. Alivuka Yordani kwa miguu mikavu, akatahiriwa Gilgali, akazunguka Yeriko siku zote saba, tena kimya kimya kama alivyoagizwa. Kisha ndani ya mji akaona joho nzuri ya Babeli, shekeli 200 za fedha na kabari ya dhahabu ya shekeli 50. Kwa mizani ya leo ni fedha ya kilo mbili na ushee, na dhahabu iliyozidi nusu kilo kidogo. Fedha na dhahabu ya Yeriko vilikuwa vimeamriwa viingie hazina ya Bwana. Kwa lugha ya kwetu, mali ya umma. Akavichukua, akavifukia ardhini katikati ya hema yake.

Kahaba wa Kikanaani akaingia. Mwana wa Yuda akatoka. Mathayo, akiandika ukoo wa Yesu, anamtaja Rahabu kuwa mama yake Boazi kwa Salmoni, na Salmoni ni wa kabila la Yuda. Kabila lilelile lililompoteza Akani likampata Rahabu. Mtu anayesoma kitabu hiki na kuhitimisha kwamba Mungu anapenda kabila fulani na kulichukia jingine, hizi sura mbili alizisoma amelala.

Lakini ninakotaka kukaa zaidi ni Ai. Ai ulikuwa mji mdogo, na wapelelezi walirudi na ripoti ya watu waliolewa ushindi: usiwachoshe watu wote, peleka elfu mbili au tatu tu. Yoshua akapeleka kama 3,000. Wakakimbia. Watu wapatao 36 wakauawa kwenye mteremko. Mioyo ya watu ikayeyuka ikawa kama maji.

Yoshua akafanya kile ambacho kila kiongozi mcha Mungu hufanya. Akararua mavazi yake, akaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, yeye na wazee wa Israeli, wakatia mavumbi vichwani. Akaomba maombi marefu, yenye machozi, yenye hoja: mbona umetuvusha Yordani? Wakanaani wakisikia watasemaje? Na jina lako kuu je? Ukiyasikiliza maombi hayo pekee utasema huyu ni mtu wa Mungu kwelikweli.

Mungu akamkatiza. Inuka, akamwambia, mbona umeanguka kifudifudi hivi? Israeli wameiba, wamedanganya, wametia vitu vya wizi katika vyombo vyao. Hawataweza kusimama mbele ya adui zao, wala mimi sitakuwa nanyi tena, mpaka kitu hicho kiondolewe.

Nadhani hapa pana somo zito kuliko la kuta zote za Yeriko, hasa kwa nchi zetu ambazo zimekuwa hodari sana wa maombi ya kitaifa. Tunajaza viwanja. Ukame ukija tunaomba mvua, uchaguzi ukikaribia tunaomba amani, uchumi ukianguka tunafunga siku tatu. Viongozi wanakaa safu ya mbele, vichwa wameinamisha, na ukurasa wa pili wa gazeti la siku hiyohiyo una habari za fedha za dawa au za madawati zilizoyeyuka. Katika Yoshua 7 kuna wakati ambapo kuendelea kuomba ni kukwepa kazi. Mungu hakusema ongeza siku za kufunga. Alisema fanya ukaguzi: kabila kwa kabila, jamaa kwa jamaa, nyumba kwa nyumba, mtu kwa mtu. Na ukaguzi haukukomea kwa mkimbiza punda wa jeshi. Uliingia Yuda, kabila lenye nguvu, ukamtoa mwana wa ukoo.

Tena tazama waliolipa. Watu 36 waliokufa Ai hawakuiba chochote. Walikuwa na wake na watoto nyuma kambini, na walikufa kwa sababu ya joho ambalo hata hawakuliona. Sisi huuita ufisadi kosa la fulani na fulani, tukingoja mahakama. Kitabu hiki kinauona kama shimo lililochimbwa kwenye hema moja ambalo kambi nzima inatumbukia. Mama anayejifungulia sakafuni kwa sababu zahanati haina kitanda anaijua teolojia ya Ai bila kufundishwa.

Na kuna kejeli ambayo mwandishi ameiacha bila maelezo. Sura inayofuata, waliporudi kuupiga Ai mara ya pili, Mungu aliwaruhusu watu wachukue nyara na mifugo wawe navyo. Akani angengoja kidogo tu.

Siwezi kupita bila kusema kinachonikwaza hapa. Akani alipigwa mawe, rundo la mawe likawekwa juu yake, na hakufa peke yake. Wanawe na binti zake wanatajwa pamoja naye katika bonde la Akori, wakati Kumbukumbu la Torati 24:16 inakataza watoto wauawe kwa kosa la baba yao. Wafafanuzi wengine husema lazima familia ilijua, kwa kuwa huwezi kuchimba katikati ya hema watu wasione. Labda. Maandiko hayasemi. Ninachokishika ni kwamba karne kadhaa baadaye nabii Hosea alilitaja bonde hilohilo la Akori, bonde la taabu, akasema Mungu ataligeuza kuwa mlango wa tumaini. Mtu fulani katika Israeli alilikumbuka lile rundo la mawe, naye hakuridhika liwe neno la mwisho.

Jambo hilo linatuingiza kwenye swali ambalo wahubiri wengi hulikwepa na wasioamini hulishika kwa mikono miwili: watoto wa Yeriko je? Kitabu kinasema wote waliangamizwa, mwanamume na mwanamke, kijana na mzee.

Wapo wanaojibu kwa akiolojia. Mwingereza Kathleen Kenyon alichimba Yeriko kati ya 1952 na 1958, akahitimisha kwamba mji wenye kuta ulikuwa umebomoka yapata 1550 KK, mapema kuliko tarehe ambazo wengi humpa Yoshua. Mahali panapodhaniwa na wengi kuwa Ai hapakuwa na wakazi kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mwaka 1200 KK. Hazori, mji mwingine ambao kitabu kinasema Yoshua aliuchoma, kweli uliteketea kwa moto mkali katika karne ya 13 KK, na wataalamu bado wanabishana ni nani aliyeuwasha. Mwamini asiogope mambo haya, wala asiyatumie kama kichaka cha kujifichia. Hata kama hakuna mtoto aliyekufa Yeriko, bado tuna maandiko yanayosimulia kifo chake kwa kutii amri.

Lugha ya zama zile inasaidia zaidi kidogo. Mwaka 1868 huko Dhibani, Jordan ya leo, lilipatikana jiwe la Mesha, mfalme wa Moabu wa karne ya 9 KK. Mesha anajisifu kwamba aliuteka mji wa Nebo kutoka kwa Israeli, akaua watu 7,000, wanaume kwa wanawake, akawaweka wakfu kwa mungu wake, na neno alilotumia kwa kuweka wakfu ndilo lilelile ambalo Kiebrania cha Yoshua hulitumia kwa kuangamiza. Anaongeza kwamba Israeli imeangamia milele. Tunajua haikuangamia. Ndivyo wafalme walivyoandika ushindi wao. Yoshua 10 nayo inasema Hebroni na Debiri hawakusazwa hata mtu mmoja, kisha sura ya 15 Kalebu anakwenda kuwafukuza watu Hebroni, na Debiri inatekwa upya. Yerusalemu, sura hiyohiyo inakiri, Wayebusi walibaki humo pamoja na wana wa Yuda. Mwandishi hakuwa mjinga asione. Aliacha majigambo na ukweli vikae ukurasa kwa ukurasa.

Origeni wa Aleksandria, katika karne ya 3, alihubiri kitabu hiki akisema wafalme wa Kanaani ni dhambi zilizo ndani yetu, na Yoshua anayeziua ni Yesu, kwa kuwa kwa Kiyunani majina hayo mawili ni jina moja. Naona alielekea njia sahihi, lakini alifika upesi mno. Damu haifutiki kwa mfano. Sina jibu linalonipa usingizi. Nina mipaka ambayo Biblia yenyewe imeiweka. Kumbukumbu la Torati 9 inawaambia Israeli mara tatu mfululizo kwamba hawapewi nchi kwa haki yao, maana wao ni watu wenye shingo ngumu. Walawi 18 inawaonya kwamba nchi iliyowatapika wenyeji itawatapika na wao. Ikawatapika: Samaria ulianguka 722 KK, Yerusalemu ukachomwa 586 KK, na waliouchoma hawakuwa Wakanaani waliosazwa. Hakuna mahali ambapo Israeli wanapewa upanga ule kama urithi wa kutumia popote watakapopenda.

Wasomaji wa baadaye ndio waliojipa. Tarehe 16 Desemba 1838, kando ya mto Ncome huko Natal, makaburu walioweka nadhiri kwa Mungu waliua Wazulu wanaokadiriwa kuzidi 3,000, wao wakajeruhiwa watatu. Walijiona ni Israeli waliotoka Misri, na nchi iliyokuwa mbele yao ni Kanaani, na wenyeji wake unajua waliwapa jina la nani. Siku ile iliadhimishwa kama siku ya nadhiri kwa zaidi ya karne, na mwaka 1995 Afrika Kusini iliyo huru ikaigeuza kuwa Siku ya Maridhiano. Mwafrika anayesoma Yoshua na kujiweka moja kwa moja kwenye viatu vya mshindi angekumbuka kwamba kuna waliosoma kitabu hichohicho wakamweka yeye juu ya ukuta wa Yeriko.

Wagibeoni ndio wanaonifundisha namna ya kukisoma. Hao ni Wahivi, wenyeji halisi, waliojifanya wasafiri wa mbali: viatu vilivyotiwa viraka, viriba vikuukuu vya divai, mikate mikavu yenye ukungu. Wakuu wa Israeli wakaonja chakula chao, hawakuuliza shauri kwa Bwana, wakala kiapo cha kuwaacha hai. Siku tatu baadaye ukweli ukajulikana. Watu walinung'unika, kiapo hakikuvunjwa. Wagibeoni wakawa wapasua kuni na wateka maji wa madhabahu, na waliposhambuliwa na wafalme watano, Yoshua alitembea usiku kucha kutoka Gilgali kwenda kuwaokoa watu waliomlaghai. Jua lililosimama, ambalo tunaliimba, lilisimama katika vita vya kuwatetea Wakanaani.

Hadithi haikuishia hapo. Vizazi vingi baadaye, siku za Daudi, ikaja njaa ya miaka mitatu. Daudi akauliza, akajibiwa kwamba ni kwa sababu Sauli, mfalme aliyemtangulia, aliwaua Wagibeoni, akiwa na bidii kwa ajili ya Israeli na Yuda. Bidii! Sauli alidhani anamalizia kazi ya Yoshua, anasafisha nchi. Mungu akaihesabu damu ya Wahivi wale kama damu nyingine yoyote, na kiapo walichokipata kwa ulaghai kama kiapo. Malipo yake yalikuwa ya kutisha, na mwenye tumbo la kusoma habari za Rispa, suria wa Sauli, akiwafukuza ndege kwenye maiti za wanawe asome 2 Samweli 21. Mimi huisoma mara chache.

Kuhusu Kalebu sitakawia, maana anahubiriwa vizuri: mzee wa miaka 85 anayeomba apewe mlima walipo majitu, huku wana wa Yusufu, vijana wenye nguvu, wanalalamika kwamba eneo ni finyu na bondeni kuna magari ya chuma. Nitaongeza tu kwamba mwandishi anamwita Kalebu Mkenizi, na Wakenizi wametajwa katika Mwanzo 15 miongoni mwa watu ambao nchi yao Abrahamu aliahidiwa.

Sura ya mwisho iko Shekemu. Yoshua amezeeka, amewakusanya wote, anawasimulia safari tangu Abrahamu, anawaambia wachague. Yeye na nyumba yake watamtumikia Bwana. Aya hiyo imetundikwa sebuleni kwa nusu ya marafiki zangu. Watu wanaitikia kwa sauti moja kwamba na wao watamtumikia. Hapo mhubiri wa leo angewaita mbele na kinanda kingeanza taratibu. Yoshua anawaambia: hamwezi. Wanasisitiza. Ndipo anasema jambo ambalo, baada ya wafalme 31 kupigwa na vita vyote vile, hukutegemea kulisikia: basi iondoeni miungu migeni iliyo kati yenu.

Ilikuwepo. Ilivuka nao Yordani, ikazunguka nao Yeriko, ikalala hemani.

Palepale karibu na Shekemu, Mwanzo 35 inasimulia, babu yao Yakobo aliwahi kuwaambia watu wa nyumbani mwake maneno karibu yaleyale. Wakamkabidhi miungu yote migeni waliyokuwa nayo na pete za masikioni mwao, akavifukia chini ya mwaloni. Yoshua naye alichukua jiwe kubwa, akalisimamisha chini ya mwaloni liwe shahidi. Watu walijibu vizuri sana siku ile, na maneno yao yameandikwa yote. Kwamba kuna mtu aliyekwenda hemani kwake akarudi na kitu mkononi, hilo halikuandikwa.